Mwanamke wa Bango la Tatu

Jovelyn Tumulak alikuwa ameshabandika mabango mawili ukutani, na watazamaji wameshaanza kubishana, alipolikunjua la tatu akajiona mwenyewe ndani yake.

Kazi yake katika ofisi ile ya Quezon City, pembeni mwa Manila, ilikuwa kuwaonyesha watu mabango ya filamu kabla hayajachapwa, kuwasikiliza wanavyoyasoma, kisha kuandika ni lipi litakalowavuta sinemani na kwa sababu gani. Kazi hiyo ilimzoesha kuuficha uso wake, maana mtazamaji akihisi umependa kitu, naye atajidai amekipenda. Basi akabandika pembe za juu, akabandika za chini, akarudi nyuma kidogo kama afanyavyo siku zote. Kisha akaisokomeza mikono kwenye mifuko ya sketi.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi na vichekesho, ya majirani wawili wasiopatana wanaoishia kuoana. Kwenye bango hilo la tatu nyota wake wawili walisimama kando ya mkokoteni wa muuza madonge ya samaki, wameshika mshikaki mmoja, kila mmoja anauvuta kwake huku akitazama pembeni kama hamjui mwenzake. Nyuma yao ulikuwa mtaa wa Cubao wakati wa alasiri, na watu wa kweli wakipita. Na katikati kabisa, kwenye uwazi ulioachwa kati ya bega la mwanamume na bega la mwanamke, alisimama mama mwenye blauzi nyekundu, kichwa amekitupa nyuma, anacheka kwa mdomo wote. Mkono wake mmoja ulishika mkono wa msichana mdogo aliyevaa sare ya shule.

Jovelyn aliikumbuka siku yenyewe. Tintin, binti yake, alikuwa amechanganya mchuzi mtamu na siki kwenye kikombe kimoja, akaonja, akakunja uso kama babu aliyenyweshwa dawa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na taa na kamera na watu wamejazana, lakini nani mjini hapa anashangaa kamera. Jovelyn alicheka tu. Kwa kawaida alicheka ameziba mdomo, kwa sababu jino lake la juu upande wa kushoto lilikuwa nusu, na aliyelifanya nusu ni mumewe, Rodel, kwa mlango wa lori, kule Ormoc, kisiwani Leyte, miezi michache kabla hajatoroka na mtoto. Siku ile ya madonge ya samaki alisahau kuziba. Rodel angeweza kupishana naye njiani asimtambue, maana nywele alizikata na mwili ulikwisha. Lakini lile jino angelitambua popote.

Watazamaji wake siku hiyo walikuwa wanawake wa rika mbalimbali waliokubali kuja kunywa juisi na kutoa maoni. Bango la kwanza walikuwa wameshalimaliza. Lilikuwa la manjano tupu, nyota wawili wamepeana mgongo, mikono wameikunja kifuani, na wakasema ni lile lile la kila mwaka. Manjano inakuambia utacheka, ila haikuambii utacheka nini. Mwanafunzi mmoja wa chuo alisema yule mwanamume alivyokunja mikono anaonekana anatangaza benki. La pili lilikuwa la mwavuli na mvua, nyuso zimesogeleana hadi pua zinakaribia kugusana. Wenye umri walilipenda kwa ajili ya mvua. Wasichana walilikataa, wakasema kama wameshafika hapo mlangoni, mtu anaingia ndani kutazama nini.

Kwa la tatu walinyamaza kwanza, kisha kicheko kikapita safu nzima. Jovelyn aliujua ukimya wa namna ile. Ndio ukimya ambao kila bango linautafuta na machache huupata.

Bi Pacita, mwenye duka la nguo za harusi, ndiye aliyelisema wazi. "Hao wawili wa mbele wamelipwa wanichekeshe," alisema. "Yule mama wa nyuma hajalipwa na mtu. Mimi ningeingia sinema kwa ajili yake yeye."

Wenzake wakaitikia. Wakasema mtaa ule unaonekana ni mahali ambapo mtu anaweza kupendwa bila kujiandaa. Kisha yule mwanafunzi wa chuo akageuza shingo, akamtazama Jovelyn, akalitazama bango, akarudi kwa Jovelyn.

"Halafu anafanana na wewe, dada. Hebu cheka tuone."

Chumba kizima kikamgeukia. Jovelyn akainua mkono mdomoni kama anayepiga chafya.

"Mimi nikicheka sinema zitafungwa," alisema, na wote wakaangua kicheko, na jambo likapita.

Walipoondoka, alifunga mlango akabaki peke yake na lile bango. Alijaribu kulisoma kama kazi, labda hofu ingepungua. Ikaongezeka. Msanifu alikuwa amefifisha rangi za mtaa mzima, kuta, mwavuli wa muuzaji, nguo za wapita njia, akaacha nyekundu moja tu ing'ae, nayo ni blauzi yake. Kile kijiti cha mshikaki kilielekea juu kwa mshazari, na ukikifuata kwa jicho kinakufikisha kidevuni mwake. Hata herufi za jina la filamu zilipinda kama upinde juu ya kichwa chake. Nyota hawakutazamana, na mtu akiona watu wawili wasiotazamana hutafuta kitu kingine cha kutazama. Macho yanateleza katikati, na katikati yupo yeye. Msanifu huyo alijua kazi yake. Alikuwa amejenga nyumba nzima kumzunguka mwanamke asiyemjua, akamwekea dirisha.

Na kwenye kifua cha Tintin nembo ya shule ilionekana, ile ngao ya kijani yenye mshumaa.

Jovelyn alijua bango likichaguliwa linakwenda wapi. Linapandishwa kwenye minara ya barabara kuu ya EDSA, kubwa kama ghorofa. Linabandikwa migongoni mwa mabasi na kwenye nguzo za treni. Linaingia kwenye kila simu nchini. Na Rodel alikuwa dereva wa lori la samaki wakavu na nazi, anayevuka na kivuko kutoka Leyte, anapita Bicol, anaingia masoko ya Manila na kurudi. Dada yake Jovelyn, Merlita, aliyebaki Ormoc, alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba Rodel hubeba picha ya harusi yao na kila kituo anachoshusha mzigo huwaonyesha watu, kwa upole, kama mtu aliyefiwa. Upole huo ndio uliomtisha Jovelyn kuliko ngumi. Rodel alipiga kwa dakika chache tu. Upole wake ulikaa siku nzima, na ndani yake hukujua ngumi itakuja lini.

Akaketi akaandika ripoti ya uongo. Aliandika kwamba watazamaji wamevutiwa zaidi na bango la mwavuli, kwamba la tatu limewachanganya, kwamba watu wa nyuma wanaiba macho yanayostahili kwenda kwa nyota. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana liliandikika kwa urahisi. Akaituma kwa bosi wake, Madam Perla Quiambao, akachukua mkoba wake, akaenda kumchukua mtoto. Njia nzima alitembea akiwa amejifunika mdomo kwa leso, kama mwenye mafua.

Asubuhi iliyofuata Dindo Paraiso alikuwa anamngoja mezani kwake. Dindo ndiye msanifu wa mabango yote matatu, mtu mnene, mcheshi, anayekuja ofisini na pikipiki na kula mezani kwa wenzake bila kuomba. Siku hiyo hakuwa na utani. Jana, alisema, alikuwa nyuma ya kile kioo wanachokitumia kuwasikiliza watazamaji bila kuonekana. Alisikia kila neno. Aliwasikia wakilipenda la tatu mpaka karibu wapige makofi, halafu leo Madam Perla anampigia simu kumwambia limekataliwa.

"Kama unanichukia, niambie," alisema. "Nitaacha kukuibia mandazi. Lakini usiniulie kazi yangu."

Jovelyn alimwomba amtoe yule mama wa nyuma. Alisema amweke mtu mwingine yeyote, au aache ukuta. Dindo akaburuta kiti, akafungua kompyuta yake, akamtoa. Pale alipokuwa akaweka muuza puto. Bango likafa papo hapo, wote wawili wakaliona likifa. Akaweka mbwa. Akaweka jozi ya wazee. Akasogeza nyota karibu ili kuziba uwazi, na sasa walionekana wamebanwa ndani ya lifti. Kila alichokiweka kilikaa pale kama kitu kilichowekwa.

"Unaona," alisema Dindo. "Yule mama hakuwekwa. Yule alikuwepo. Ni nani yule hata unamwogopa hivyo?"

Jovelyn aligeuka kuhakikisha hakuna mtu karibu. Kisha akafungua mdomo, akainua mdomo wa juu kwa kidole, kama mtu mbele ya daktari wa meno, akamwonyesha. Dindo aliangalia jino, akaangalia kioo cha kompyuta ambako picha ya kwanza ilikuwa bado kwenye kona, na rangi ikamtoka usoni.

Akamsimulia kwa maneno machache. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote mjini, na alishangaa jinsi yote yalivyoisha upesi, miaka yote ile ikaingia katika dakika ambazo chai haikupoa. Dindo hakumuuliza kwa nini hakuondoka mapema, wala kama alimkosea nini mumewe. Alisema tu kwamba atalifuta. Atalifuta lote, na picha za asili, na atasema kompyuta imeharibika. Alikuwa ameshaanza kufuta wakati simu yake ilipolia, ikalia tena, ikawa hainyamazi.

Alipoitazama, aliiweka mezani kifudifudi. Jovelyn akaichukua mwenyewe.

Nyota wa kike wa filamu alikuwa ameletewa mabango yote matatu aone, akalipenda la tatu, na jana jioni hakungoja ruhusa ya mtu. Alilirusha kwenye ukurasa wake, na wafuasi wake ni wengi kuliko watu wa miji kadhaa. Wakati Jovelyn analala, bango lilikuwa linatembea. Jovelyn akayasoma maoni. Wengine walisifu nyota. Wengi sana walimsifu mama wa blauzi nyekundu. Na hapo katikati, pakiwa na alama tatu za moyo mbele yake, mtu alikuwa ameandika: huyo ni Mama Tintin wa shuleni kwetu, jamani, hapa Cubao, tumepata nyota mtaani. Chini yake watu walikuwa wamejaza jina la shule, na jina la mtaa, na jina la barabara.

Aliyeandika alikuwa Mama Jepjep, ambaye kila asubuhi humshikia Jovelyn mwavuli langoni mtoto anapoingia. Ameandika kwa mapenzi kabisa.

Jovelyn alitafuta simu yake mwenyewe mkobani. Ilikuwa imezimwa mlio tangu jana. Merlita alikuwa amempigia mara nyingi. Alipompigia, Merlita alipokea analia, na ilibidi Jovelyn amwambie mara mbili apumue kwanza. Rodel alikuwa amempigia Merlita usiku akiwa njiani huko Bicol, lori limejaa, anaelekea Manila. Hakutukana. Hakutisha.

"Alisema, mwambie dada yako nimemwona," Merlita alisema. "Akasema, amependeza. Basi. Akakata."

Dindo alikuwa ameshachukua funguo za pikipiki.

Njiani Jovelyn alikuwa amemshika Dindo kiunoni kwa mikono yote miwili na hakuona barabara. Alihesabu tu saa za Rodel kichwani, kutoka Bicol hadi jijini, na kila alivyohesabu zilitosha. Darasa la Tintin hutoka kabla ya saa sita mchana. Dindo alipita kati ya mabasi kwa namna ambayo siku nyingine ingemfanya apige mayowe; siku hiyo aliona anakwenda polepole. Walipokata kona ya shule, aliliona lori. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu, la bluu, na ule mlango wake wa upande wa abiria wenye kovu la kutu. Ndani hapakuwa na mtu.

Alishuka kwenye pikipiki akasimama. Kitu kimoja ndani yake kilimwambia akimbie, kwa sababu kukimbia alikujua. Na kitu kingine kikamwambia Tintin yumo ndani ya lile lango. Akaenda. Dindo alimfuata huku akipiga simu ofisi ya mtaa, dawati la wanawake, akieleza mahali kwa sauti ya chini.

Langoni kina mama walikuwa wamekusanyika kungoja watoto kama kila siku, na miavuli yao na vyombo vya chakula. Mama Jepjep alimwona Jovelyn akitokea mbali, na akafanya kitu cha ajabu. Alitabasamu tabasamu kubwa, kisha akageuza uso upesi akajifanya hajamwona. Wenzake nao wakafanya vivyo hivyo. Mmoja alifunika mdomo kuzuia kicheko. Walikuwa wamesimama bega kwa bega kwa namna isiyo ya kawaida, wamefanya kama ukuta, wanasukumana kwa viwiko, kama watu wanaoficha keki ya siku ya kuzaliwa.

Jovelyn alielewa kabla hajaona. Alielewa kama anavyoelewa bango, kwa jinsi watu walivyopangwa. Wamempokea mgeni. Mgeni amewaambia ni baba wa Tintin, ametoka mbali, hajaiona familia muda mrefu kwa sababu ya kazi, na ameliona lile bango, na amekuja kumshtua mkewe. Nao wamefurahi. Wanamwona mwanamume mrefu, mpole, mwenye boksi la vitafunio vya kwao mkononi, na wanaijua hadithi hiyo, wameilipia mara nyingi sinemani, na wanajua inavyoishia.

Ukuta ukafunguka. Rodel alikuwa amenyoa vizuri. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

"Mama Tintin, umeona mwenyewe," Mama Jepjep alisema, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Mambo ya kwenye filamu haya."

Baadhi walipiga makofi. Mtu aliinua simu kurekodi. Rodel akasogea, akampa boksi mama aliyekuwa karibu amshikie, akamshika Jovelyn kifundo cha mkono. Tabasamu halikumtoka hata kidogo. Kidole gumba kilikuwa upande wa ndani, pale penye mishipa, na kilikuwa kinabana, kinabana zaidi, taratibu, na mtu aliyetazama nyuso zao asingeona chochote.

"Twende kwenye gari, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto akitoka tutamchukua. Usiwaharibie watu siku."

Jovelyn alikuwa anawatazama wale kina mama, nyuso zao zimeng'aa, wanamtazama yeye na hawamwoni. Aliona hata Dindo anasukumana kupita kati yao na wao wanamzuia kwa utani, wakidhani ni mpita njia anayetaka kuharibu picha. Ikamjia kwamba akienda mpaka kwenye lori watampungia mikono.

"Msitazame uso wake," alisema.

Ilitoka kama mnong'ono. Akaisema tena, kwa nguvu zaidi. "Msimtazame usoni. Utazameni mkono wake. Mama Jepjep, utazame mkono."

Mama Jepjep alishusha macho. Wengine wakashusha. Vidole vya Jovelyn vilikuwa vimegeuka rangi, vyeupe kwenye ncha, na viungo vya vidole vya Rodel vilikuwa vimetokeza kama mtu anayefungua kifuniko kilichokaza.

"Huyu ndiye niliyemkimbia," Jovelyn alisema. "Sikuwaambia kwa sababu nilikuwa naogopa. Naogopa hata sasa. Msiniache niende naye."

Rodel alicheka. Aliwaambia kwamba mkewe ni mtu wa mizaha tangu usichana wake, kwamba mambo ya watu wawili waliooana yana yake. Mama mmoja mzee upande wa nyuma akasema labda waachwe waongee, mume na mke hawakosi maneno. Kwa muda ule Jovelyn aliona mambo yanaweza kwenda popote. Watu walitazamana. Ile simu iliyokuwa ikirekodi ilishuka, kisha ikapanda tena.

Mama Jepjep alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfikia Rodel kifuani. Alifunga mwavuli wake, akausogeza kati yao kama mtu anayezuia mlango wa lifti.

"Mwachie mkono kwanza," alisema. "Maongezi hayahitaji mkono."

Hakuachia. Alimtazama Mama Jepjep, na kwa mara ya kwanza uso ule mpole ukafunguka kidogo wakaona kilichokuwa nyuma yake. Kina mama wa mbele wakarudi nyuma hatua, kwa hofu ya kweli. Halafu, na Jovelyn hakuwahi kujua aliyeanza ni nani, wakasogea mbele tena. Hakuna aliyempiga wala kupiga kelele. Walisogea tu, wengi, na miavuli yao, mpaka hapakuwa na nafasi ya mtu kuvuta mtu kwenda popote. Mlinzi wa shule, mwanamke aliyeitwa Consuelo, akavuta lango la chuma likafungwa, watoto wakabaki ndani. Dindo alifika hatimaye, akasimama ubavuni mwa Jovelyn, mweupe kama karatasi, na mikono yake minene ameikunja ngumi ambazo huenda hakuwahi kuzitumia.

Rodel akaachia. Akanyoosha shati. Wanaume wawili na mwanamke mmoja kutoka ofisi ya mtaa walipofika kwa bajaji, aliwasalimu kwa heshima, akaliomba boksi lake arudishiwe, akaenda nao akiwa amelibeba kwa uangalifu lisipinduke. Hakugeuka nyuma. Jovelyn alikaa chini palepale kwenye saruji akalia, na Mama Jepjep akakaa chini naye akilia kuliko yeye, akimwomba msamaha kwa yale maandishi na ile mioyo mitatu.

Mchana ule alitoa maelezo yake ofisi ya mtaa, na mwanamke wa dawati alimwandikia amri ya kumkataza Rodel asimkaribie yeye wala mtoto, wala shule, wala kazini. Baadaye mahakama iliiongezea muda. Rodel alishtakiwa, akawekewa dhamana na tajiri wake wa lori, na kesi ikaanza ule mwendo wake wa kuahirishwa na kuahirishwa. Jovelyn alihudhuria kila mara. Kila mara aliingia akiwa amemshika mtu mkono, siku nyingine Dindo, siku nyingine Mama Jepjep, na mara moja Merlita aliyesafiri kutoka Ormoc.

Kuhusu ripoti, alikwenda mwenyewe kwa Madam Perla akamweleza kwamba aliighushi na kwa nini. Madam Perla alimkaripia vikali, na Jovelyn alidhani anafukuzwa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anakaripiwa kwa kukaa na hofu ile peke yake meza chache kutoka mlango wa bosi wake. Nyota wa kike aliombwa akaliondoa bango kwenye ukurasa wake, akatuma ujumbe mrefu wa pole, lakini picha ikishatoka haina mwenyewe. Nakala zake ziliendelea kutembea. Barabarani lilipandishwa bango la mwavuli na mvua. Filamu ikaenda wastani. Dindo hakulalamika hata siku moja, ingawa kwenye vikao vya wasanifu bado hulitolea mfano bango bora alilowahi kutengeneza, bila kusema ni lipi.

Jovelyn na Tintin walihamia Antipolo, kwenye nyumba ya juu yenye ngazi za nje, na mtoto akapata shule nyingine. Miezi ya kwanza Jovelyn alimpeleka na kumrudisha mwenyewe, na kila lori la bluu lilipopita alimvuta mtoto karibu. Hofu haikumwacha. Ilipungua siku nyingine, siku nyingine ikarudi na nguvu zake zote kwa sababu ya mlio wa breki tu.

Jumamosi moja alikuwa anapika, akagundua siki imekwisha. Duka lilikuwa chini, ng'ambo ya kichochoro, linaonekana kutoka dirishani. Tintin akasema ataenda yeye, ni mkubwa sasa. Jovelyn alifungua kinywa kukataa, kisha akampa chupa tupu. Akasimama dirishani, mwiko mkononi, akamwangalia akishuka ngazi moja moja, akivuka, akinyoosha shingo kwenye meza ya muuzaji ambayo kimo chake hakijaifikia vizuri. Kitunguu kilianza kuungua jikoni na aliisikia harufu, lakini hakuondoka pale mpaka mtoto alipokanyaga tena ngazi ya kwanza.